Samaki wa Kwanza wa Maji Chumvi: Klauni, Damseli, Fayafishi au Moli?

Tangi limejaa, mawe yamekaa, pampu inazungusha maji na kipimo cha amonia kinasoma sifuri. Limebaki swali moja: nani aingie kwanza?

Wengi hulijibu kwa macho. Mtu anaingia dukani, anayempendeza anafungiwa kwenye mfuko wa plastiki, biashara imekwisha. Kwa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, uamuzi wa namna hiyo mara nyingi hupita salama. Kwenye maji chumvi, samaki wa kwanza ndiye mwenye nyumba: anachagua jiwe lake, anajiwekea mipaka, na kila atakayekuja baadaye ni mpangaji wake. Ukimchagua yeye umeshachagua nusu ya watakaofuata, na wengine umeshawafungia mlango bila kujua.

Hapa nawapima wanne kwa mizani moja.

Klauni ni yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, *Amphiprion ocellaris* kwa jina la kisayansi. Kwao ni mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, kuanzia pwani za Thailand na Indonesia hadi kaskazini mwa Australia. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna klauni wetu: *Amphiprion akallopisos*, mwenye mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni, na *Amphiprion allardi*, wa kahawia iliyokolea, mwenye mikanda miwili na mkia mweupe. Nitawagusia njiani.

Damseli ni ukoo mpana, na klauni mwenyewe ni wa ukoo huohuo. Hapa nazungumzia watatu wanaouzwa sana: wa buluu mwenye mkia wa njano (*Chrysiptera parasema*), mweusi wa madoa matatu meupe (*Dascyllus trimaculatus*), ambaye miamba ya pwani yetu inaye tele, na kromisi wa kijani (*Chromis viridis*).

Fayafishi (*Nemateleotris magnifica*) ni mwembamba kama kalamu, mweupe upande wa kichwani, mwekundu wa moto kuelekea mkiani, na mgongoni ana mwiba mrefu anaouchezesha juu chini muda wote.

Moli ni moli yuleyule unayemjua, wa kwenye matangi ya maji baridi. Ndiyo, anaishi baharini akizoeshwa. Najua kuna watakaocheka kumwona kwenye orodha hii. Wasome hadi mwisho.

Kuna samaki mwingine, kadinali wa Banggai, ambaye nimemwacha nje makusudi. Ni mpole na kumlisha si kazi, lakini makazi yake ya asili ni eneo dogo la visiwa vya Banggai karibu na Sulawesi, Indonesia, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimworodhesha mwaka 2007 kuwa aliye hatarini kutoweka. Kama huna hakika kwamba uliyeletewa amezalishwa kwenye matangi, mwache alipo.

## Vigezo vyenyewe

Ni vitano. Kwanza, anavumilia nini: joto likipanda, umeme ukikatika, chumvi ikiyumba. Pili, tabia yake kwa wenzake. Tatu, nafasi anayotaka na kama anaruka. Nne, chakula. Tano, anakotoka na maradhi anayokuja nayo.

Uzuri sikuuweka, kila mtu na jicho lake. Bei nayo hubadilika kutoka duka hadi duka, ingawa mpangilio wake haubadiliki sana: moli ndiye wa bei nafuu, damseli anafuata, kisha klauni na fayafishi.

Jambo moja halina mjadala kwa wote wanne: tangi liwe limeiva. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo haifai, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mawe na mchanga. Unawalisha kwa kipande cha kamba mbichi kilichoachwa kioze ndani ya maji, au kwa amonia ya chupa isiyo na manukato wala sabuni. Zamani watu walikuwa wakitumbukiza damseli wawili watatu ili wafanye kazi hiyo. Waliopona walipona wakiwa na mashavu yaliyoungua. Siku hizi hakuna sababu ya kufanya hivyo, na muuzaji anayekushauri hivyo anataka tu kuuza samaki mara mbili.

## Joto, umeme na chumvi

Kigezo hiki vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi hukipitia juu juu, kumbe kwetu ndicho kinachoua. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kupita nyuzi 31, na maji hufuata chumba. Samaki wa miamba wanajisikia vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 28. Maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo zaidi, wakati huohuo mwili wa samaki unaitaka zaidi. Sasa umeme ukatike usiku, pampu isimame. Nairobi, Arusha na Kigali shida ni kinyume chake: huko unahitaji hita. Na walioko Maskati au Dubai wanajua kinachotokea mtu akisafiri na kuzima kiyoyozi cha nyumba nzima.

Moli ndiye mgumu kuliko wote hapa. Oksijeni ikipungua hupanda juu kabisa na kuvuta maji ya utando wa juu, yale yanayogusana na hewa. Maumbile yake yameandaliwa kwa madimbwi ya maji ya moto, hivyo nyuzi 30 hazimtishi.

Klauni anafuata. Si mwogeleaji wa mbio; anajitingisha mahali pamoja, anatumia nguvu kidogo. Tangi likiwa na klauni wawili tu na mawe ya kutosha, saa chache za giza atazimudu. Damseli wa mkia wa njano na yule wa madoa matatu ni vivyo hivyo, pengine wagumu zaidi. Kromisi ni habari nyingine: kundi linaogelea kutwa katikati ya maji, na oksijeni ikishuka wao ndio wa kwanza kuhema.

Fayafishi mwili wake mdogo hauli oksijeni nyingi. Kinachomponza ni hofu. Taa zikizimika na kuwaka ghafla anashtuka, na akishtuka ama anazama kwenye tundu lake ama anaruka. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja, huyu ataishi roho mkononi.

Kuhusu chumvi: kipimo ni gramu 35 hivi kwa lita, au uzito mahususi wa 1.025 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia chumvi. Maji yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 100 lenye feni juu yake linaweza kupoteza lita moja au mbili kwa siku, na hicho ulichopoteza unakirudisha kwa maji baridi safi yasiyo na klorini. Wakazi wa pwani wengi hujazia maji ya bahari kwa kuwa yapo karibu, na baada ya mwezi tangi lina chumvi kuliko bahari yenyewe. Moli hatashtuka sana. Klauni na damseli watavumilia mabadiliko yakiwa ya polepole. Fayafishi ataacha kutoka nje, na wewe utadhani ana haya.

Maji ya bahari kwa kuanzia si mabaya hata kidogo, tena yanaokoa gharama ya chumvi ya paketi, ambayo ni kubwa. Chota bamvua likijaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na si siku za masika. Yachuje, yakae gizani siku kadhaa kwenye madumu safi, uyapime kabla ya kutumia. Chumvi ya mezani haifai kwa namna yoyote ile.

## Tabia na majirani

Klauni ana utulivu wa ajabu hadi siku atakapotaga. Wote huzaliwa wakiwa dume kwanza. Katika kundi, mkubwa kabisa hugeuka jike, na anayemfuata hubaki dume wake. Kwa hiyo hakuna haja ya kumbana muuzaji akutafutie dume na jike. Nunua wawili, mmoja mdogo kuliko mwenzake, au wote wakiwa wachanga; mambo yao watayapanga wenyewe. Utamwona mdogo akijilaza ubavu na kutetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa. Si ugonjwa huo, anatoa heshima. Kosa ni kununua wawili wakubwa waliokwisha kuwa majike wote, au kumchanganya klauni wa Indonesia na huyu wetu *allardi*, ambaye ni mkubwa zaidi na ana ubabe. Tangi la kawaida lina nafasi ya aina moja ya klauni. Akiingia wa kwanza hana shida na wageni wa aina nyingine, isipokuwa wakisogelea kona yake.

Na hapana, huhitaji anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma ambamo klauni hujificha. Klauni wa *ocellaris* anaishi miaka na miaka bila kuiona. Anemoni inataka taa kali na tangi lililokomaa kwa miezi mingi, na ikifa ndani ya tangi dogo inaoza na kuondoka na wote waliomo. Klauni wetu *akallopisos* ndiye anayeonekana mnyonge akikosa anemoni, na kwa sababu hiyo simpendekezi kwa anayeanza, ingawa ni mwenyeji wa hapa.

Damseli. Nataka kumtendea haki, maana kasemwa vibaya sana. Yule wa buluu mwenye mkia wa njano ni mkorofi wa kiasi: atafukuza, hataua, hasa tangi likiwa na mashimo ya kutosha kujificha. Ni mrembo, ni mchangamfu, hajifichi, na kwa mtoto anayekaa mbele ya kioo hakuna anayemfurahisha zaidi. Lakini sharti aje mwisho, si mwanzo. Ukimtanguliza, miezi mitatu baadaye kila mgeni anayefikia ukubwa wake anapokewa kwa kung'atwa mapezi.

Yule wa madoa matatu ndiye mtego wenyewe. Akiwa na sentimita mbili ni mweusi ti, madoa meupe yanang'aa, anakaa kwenye anemoni kama klauni. Mtu gani hatampenda? Akikua anafikia sentimita 14 hivi, madoa yanafifia, anakuwa wa kijivu, na tangi zima ni lake. Kumtoa sasa. Wavu anaujua, jiwe analijua, mkono wako anaujua. Utalazimika kutoa mawe yote, moja moja, huku maji yakichafuka hadi huoni kitu, ndipo umpate kwenye kona. Ninaowafahamu waliomaliza kazi hiyo wakiwa wamelowa hadi mabegani hawakumnunua tena.

Kromisi huuzwa kwa hoja ya kundi. Kundi la kromisi sita juu ya matumbawe ni picha nzuri kweli, na baharini hukaa kwa mamia. Kwenye tangi dogo mambo huenda hivi: mkubwa humwonea wa mwisho hadi afe, kisha anamgeukia anayefuata. Baada ya miezi kadhaa unabaki na mmoja. Tangi likiwa kubwa na wakiwa wengi, ugomvi unasambaa. Likiwa la lita 100, hauna pa kusambaa.

Fayafishi hamgusi mtu. Fayafishi wawili wasio mke na mume hugombana, basi nunua mmoja. Shida yake ni kwamba yeye ndiye anayeguswa. Akiingia baada ya damseli, hataonekana tena. Atabaki kwenye tundu akipungua mwili hadi afe njaa. Akitangulia yeye, akapewa wiki mbili tatu za kulizoea tangi peke yake, utampata katikati ya maji akielea na ule mwiba wake ukipanda na kushuka. Kati ya wote wanne ndiye anayefaidika zaidi kwa kuwa wa kwanza, na ndiye anayekuachia uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua watakaofuata.

Moli ni wa kundi, hana mipaka ya eneo. Madume huwasumbua majike, hivyo dume mmoja kwa majike wawili au watatu inatosha. Wataanza kuzaa. Watoto wengi wataliwa na wazazi, na usipowaokoa ni chakula cha bure kwa tangi. Mapezi yao marefu yakikutana na damseli, yatararuliwa.

## Nafasi na kifuniko

Tangi dogo si rahisi kuliko kubwa. Ni gumu zaidi, kwa sababu kosa dogo kwenye lita 40 ni kosa kubwa. Anza na lita 80 au zaidi. Kiasi hicho kinawatosha klauni wawili, au fayafishi mmoja, au moli wanne. Damseli wa mkia wa njano apewe lita 100 na mawe mengi. Wa madoa matatu na kundi la kromisi, usianze kuwazungumzia kabla ya lita 200.

Halafu kuna kifuniko, na hapa fayafishi anadai kitu ambacho wengine hawadai kwa nguvu hiyo. Anaruka. Hapimi, hatazami, akishtuka anachomoka kama mshale, na upenyo wa kidole kidogo unamtosha. Utamkuta asubuhi sakafuni nyuma ya meza, mkavu. Kifuniko cha kioo kinamzuia, lakini kwenye joto letu kioo kinafunga mvuke na kuyapandisha maji nyuzi nyingine mbili. Suluhisho liko kwa fundi wa madirisha ya alumini: mwombe fremu nyembamba ya kipimo cha tangi lako, aitandaze ule wavu wa kuzuia mbu. Hewa inapita, feni inafanya kazi yake, samaki hatoki. Uchague wavu wa nailoni, si wa chuma, maana chumvi hula chuma na kutu yake itadondokea ndani. Pembe ambayo mipira ya pampu inapita ikatwe kwa mkasi, ibane mpira wenyewe. Wengi hapo ndipo huacha tundu.

Klauni huruka mara chache, hasa siku za mwanzo. Damseli si sana. Moli anaruka akifukuzwa na dume. Wavu huo utawafaa wote, ila kama wavu haupo, fayafishi usimnunue.

## Chakula

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Klauni na damseli hula karibu chochote: chembechembe za dukani, artemia (vijikamba vidogo sana) ya kugandishwa, kamba mbichi aliyekatwakatwa vipande vya ukubwa wa kichwa cha pini. Mara mbili kwa siku, kidogo kidogo.

Fayafishi anadaka chakula kikiwa kinaelea. Kikishafika mchangani kwake kimepotea. Mwagie vipande vidogo mbele ya mkondo wa pampu, vimpitie usoni. Siku za kwanza huenda asile. Moli anataka majani zaidi ya nyama: vidonge vya spirulina (aina ya mwani), mwani mkavu usio na viungo, na ule ukijani unaoota kwenye kioo, ambao ataukwangua kutwa. Tangi jipya lina ukijani huo kwa wingi, na yeye pekee kati ya hawa wanne ndiye atakayekusaidia kuusafisha.

## Anakotoka na maradhi anayokuja nayo

Klauni wengi wanaouzwa duniani sasa huzalishwa kwenye matangi, na hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi. Aliyezalishwa amezoea chembechembe tangu mchanga na hajasafiri na vimelea vya bahari. Klauni wa kuvuliwa hushambuliwa na Brooklynella, kimelea kinachofanya ngozi itoe ute mweupe uliokunjamana, na kwa siku mbili tatu samaki amekwenda. Akivuka hapo ni wa kudumu: kuna klauni waliofugwa zaidi ya miaka 20.

Damseli wa madoa matatu na kromisi huvuliwa baharini. Kenya ina biashara ya miaka mingi ya kuvua samaki wa mapambo na kuwauza nje, kwa hiyo aliyeko Mombasa anaweza kupata samaki ambaye hajakaa kwenye mfuko zaidi ya nusu saa. Ni faida kubwa. Lakini asikudanganye mtu kwamba bahari ni ya wote, ukajichotee mwenyewe. Ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu na Kisite, au kuzunguka Bongoyo, Mbudya na Chumbe, ni marufuku, na nje ya hapo biashara hii ina leseni zake. Kromisi mtazame ubavuni: kidonda chekundu chini ya magamba ni dalili ya kimelea kiitwacho Uronema, na huyo hata ukipewa bure mwache.

Fayafishi naye ni wa kuvuliwa, tena kwenye miamba ya nje. Anapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki. Akifika mzima maradhi hayamsumbui sana, ila safari ndefu humchosha, na aliyekonda tumbo likaingia ndani hurudi kwa shida.

Moli anazalishwa kila mahali, hadi kwenye mapipa ya uani. Kwa kuwa ametoka maji baridi, haji na vimelea vya bahari. Ukimweka mweusi una faida ya ziada: vidoa vyeupe vya Cryptocaryon, ule ugonjwa unaofanana na chembe za chumvi kwenye ngozi, kwenye mwili wake mweusi vinaonekana mapema kuliko kwa samaki yeyote. Umri wake ni mfupi, miaka mitatu hivi.

Kumzoesha ndiyo kazi. Mweke kwenye ndoo yenye maji aliyokuja nayo, pampu ya hewa ndani. Nunua seti ya dripu kwenye duka la dawa, ile yenye kigurudumu cha kupunguza kasi. Ncha moja itumbukie kwenye tangi, nyingine ining'inie juu ya ndoo, tone moja au mawili kwa sekunde. Ndoo ikijaa punguza nusu, endelea. Fanya hivyo hadi haidromita isome sawa na tangi, iwe jioni moja au siku mbili. Akianza kuyumba au kulala ubavu, funga dripu apumzike. Seti hiyohiyo utaitumia kwa klauni na wengine, kwa muda mfupi zaidi.

## Uchague nani

Unaishi pwani, umeme si wa kutegemea na huna inverta. Moli au klauni. Kwa wote wawili nunua kwanza pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika.

Unataka samaki mmoja au wawili tu wa kukaa nao miaka. Klauni wawili waliozalishwa kwenye matangi. Hutahitaji kuongeza mtu.

Unapanga jamii ya samaki wadogo wapole, tangi linafunikika, umeme wako hauyumbi. Fayafishi atangulie. Baada yake klauni. Damseli wa mkia wa njano, kama bado unamtaka, afunge mlango.

Tangi ni la watoto au la sebuleni, unataka rangi inayoonekana muda wote. Damseli wa mkia wa njano, akiwa peke yake au pamoja na klauni waliomtangulia. Kubali kwamba orodha yako itaishia hapo au karibu na hapo.

Huna hakika kama utaimudu shughuli hii. Moli. Ukishindwa hujapoteza fedha nyingi, wala hujamtoa samaki baharini bure. Ukiweza, unawahamishia tangi jingine au unawabakiza kama walinzi wa maradhi.

Una lita 300 na zaidi. Hapo ndipo kromisi saba au zaidi, walioingizwa siku moja, wanapoanza kuwa na maana. Hata hivyo mwachie nafasi mwingine aanze.

Moyo wako uko kwa kangaja wa buluu, kikande au bunju. Kangaja huyo hufikia sentimita 30. Hao wengine wawili watakula wale utakaowaweka nao, pamoja na waya wa hita. Rudi kwenye orodha hii, mpe mwaka mmoja yule utakayemchagua.

Yeyote utakayefikia, kabla hujalipa mwombe muuzaji amlishe ukiwa umesimama hapo. Anayekula, mnunue. Anayekitema au kugeuka pembeni, mwambie muuzaji utapita wiki ijayo, na akikubembeleza kwa kupunguza bei usilegee.